Mhariri kanirudishia katuni ya tatu: "Nimeielewa yote, lakini haijaniuma." Nakosea wapi?

penseli_ya_Wete

Assalaam aleikum wana jukwaa.

Mie kijana wa Wete, ila sasa nakaa Unguja kwa mjomba, Ng'ambo huku. Nachora tangu skuli. Madaftari yangu ya hesabu yalikuwa na walimu wenye mapua marefu kuliko majibu. Mwezi uliopita gazeti moja hapa mjini limeniambia nipeleke katuni za majaribio, moja kila wiki, za ukurasa wa maoni. Nimepeleka tatu na zote zimerudi.

Mbili za mwanzo sizitetei, nilizichora usiku wa kuamkia siku ya kupeleka. Hii ya tatu ndiyo iliyonikata maini. Inahusu maji. Mtaani kwetu mfereji unatoka siku mbili kwa wiki, tena saa nane za usiku, watu wanaamka kama wanaokula daku. Basi nimechora mfereji mkubwa ulioandikwa MAJI. Chini yake mtu kakonda, kaandikwa MWANANCHI, analia. Pembeni mtu mnene wa suti, kaandikwa KIONGOZI, kakalia tangi lililoandikwa AHADI. Nyuma kalenda. Juu nimeweka methali, "Ahadi ni deni". Kiongozi anasema, "Subirini, mradi unakuja." Mwananchi anajibu, "Tumechoka kusubiri."

Mhariri kaitazama, kavua miwani, kasema: "Nimeielewa yote, lakini haijaniuma." Kanipa mpaka Alhamisi ya wiki ijayo nilete nyengine kwa mada hiyo hiyo.

Picha nimeiweka hapo chini. Semeni kweli. Kasoro iko mkononi au kichwani?

KipandeChaUrojo

Naweka mkeka hapa, na kahawa chungu juu yake. Kaka, hiyo kalenda ya nini?

penseli_ya_Wete

Kuonesha siku zinapita.

KipandeChaUrojo

Na huyo mwananchi, machozi yote hayo yanamwagika chini na maji hakuna? Si angekinga ndoo.

Mzee_wa_Barza

Waalaykum salaam, mwanangu wa Wete.

Huyo wa urojo anakufanyia mzaha, lakini kakuchorea katuni na hajashika hata penseli. Mtu analia, kakinga ndoo, na nyuma yake kuna foleni ya watu na ndoo zao wanangoja zamu ya kulia. Sasa funga macho ulinganishe na yako. Yake umeiona kabla hajaimaliza kuisema.

Nimechorea magazeti miaka mingi, mpaka macho yalipoingia mtoto wa jicho nikaacha. Nimehesabu maandishi kwenye picha yako: vibandiko vinne, methali moja na maputo mawili ya maneno. Ukifuta picha yote ukabakisha maneno, habari inabaki pale pale. Hiyo ni taarifa ya habari iliyowekewa watu pembeni. Katuni ya gazeti ukiifutia picha, maneno yabaki hayana maana, na ukiifutia maneno, picha ibaki inakusumbua.

Fikiria inasomwa wapi. Gazeti moja barazani lina vichwa vinne juu yake, na wa tano analisoma kinyumenyume akiwa ng'ambo ya meza. Hakuna atakayetulia na mchoro wako. Pita Michenzani uangalie ubao wa maskani ya Kisonge, ile ya makada wa CCM. Siasa zao zipende au zichukie, hilo shauri lako, lakini wale wanajua kuwa msomaji yumo ndani ya daladala na gari inakwenda. Ukimshika, umemshika pale. Hatoshuka kuja kusoma upya.

Kwa wanaopenda asili ya mambo: neno hili la katuni zamani lilikuwa jina la mchoro wa matayarisho, ule anaouchora msanii kabla hajapaka rangi ukutani. Mwaka 1843 gazeti la Punch la London lilikejeli maonesho ya michoro ya namna hiyo iliyokusudiwa jengo jipya la Bunge, likachora ya kwake na kuiita katuni. Jina likaganda. Kazi yenyewe ilianza kwa kejeli, na sisi tunaifanya kama hotuba ya mgeni rasmi.

penseli_ya_Wete

Shikamoo mzee. Nimekufahamu kuhusu maneno. Lakini nikiondoa kibandiko cha KIONGOZI, watu watajuaje kuwa ni kiongozi?

Mzee_wa_Barza

Marahaba.

Kwa alichonacho na wengine hawana. Kwetu mtu wa cheo humjui kwa unene. Siku hizi wanene ni wauza chipsi. Unamjua kwa kiti. Kwenye shughuli yoyote, harusi au uzinduzi wa choo cha skuli, wote wako kwenye viti vya plastiki na kuna mmoja kaletewa kiti chenye mito. Chora kile kiti kitupu, chini ya mfereji mkavu, na mwavuli umefunguliwa. Nani atakuuliza ni cha nani?

Wakubwa wa kazi hii walimtafutia kila mtu kitu chake kimoja wakakishikilia mpaka kikamfia mwenyewe mwilini. Ufaransa mwaka 1831 mchapishaji Charles Philipon alishitakiwa kwa kumdhihaki mfalme Louis-Philippe. Mbele ya mahakama akachora sura ya mfalme hatua nne, na ya nne ikawa tunda la peasi, lile jembamba juu na nene chini. Hoja yake: kama peasi inafanana na mfalme, kosa ni langu au la peasi? Mfalme akawa peasi kwa nchi nzima. Hoja haikumponya, alifungwa, na mwenzake mchoraji Daumier naye mwaka 1832 alitiwa ndani kwa mchoro mwengine wa mfalme huyo huyo.

Marekani alikuwepo Thomas Nast. Mwaka 1871 alimchora William Tweed, bwana mkubwa wa siasa za New York, akamwekea mfuko wa fedha mahali pa kichwa. Hakuna jicho wala pua, na kila mtu alimjua kwa kitambi na kisibau chake. Tweed alipotoroka, husimuliwa kuwa Uhispania alitambuliwa mwaka 1876 kwa mchoro wa Nast.

Na hapa kwetu karibu mnaye Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyeanza kuchorea Nation ya Kenya mwaka 1992. Wakati wa kesi za The Hague aliwafunga Uhuru Kenyatta na William Ruto minyororo yenye tufe la chuma, wakawa wanaliburura kila katuni, hata wakienda kwenye karamu. Afrika Kusini Zapiro alimwotesha Jacob Zuma mfereji wa kuogea kichwani tangu 2006, kwa sababu ya neno moja alilolisema mahakamani kuhusu kuoga. Haukuandikwa kitu chochote. Umeona kuna mfereji na mfereji?

Bi_Doti_Darajani

Mimi sichori. Nauza khanga Darajani, na mama yangu kauza kabla yangu. Nimeingia kwa sababu mnazunguka jambo ambalo liko kiunoni mwa mama zenu.

Khanga ina pindo, ina mji katikati, na ina jina. Mjini unawekwa mchoro: korosho, nanasi, kuku na vifaranga. Sijapata kuuza khanga yenye picha ya nanasi iliyoandikwa NANASI. Jina linakwenda upande wake na mchoro unakwenda wake, vikikutana mtu anashtuka. Tena huvaliwa kwa kusudi. Jirani yako kakusengenya, hujibu kitu. Asubuhi unatoka kufagia uwani na doti yako mpya, unageuka ili jina limwelekee yeye. Anasoma. Anajua. Akikuuliza, "Unaniambia mimi?" unamjibu, "Mimi nimevaa khanga tu." Ataishitaki khanga?

Kijana wangu, wewe umemvalia khanga jirani halafu ukamwita umsomee kwa sauti. Hapo fumbo limekufa na ugomvi umebaki.

Na hizo methali waachie wenye taarab. "Ahadi ni deni" kila mtu kaizoea, jicho linapita juu yake kama gari juu ya tuta.

Ami_wa_Konde

Bibi kamaliza. Nami nataka kuongeza la Kipemba. Kijana, ukija kutuchora sisi wa Pemba usitufanye wote wauza duka wenye mashati ya mikono mirefu na vichwa vigumu. Na Mmakunduchi si lazima kila siku awe na bua la mgomba mkononi kama siku ya kupigana ya Mwaka Kogwa. Visiwa hivi vimeshaumia kwa habari za huyu ametoka wapi na yule ana pua ya nani. Chora tendo la mtu.

Halafu nauliza. Mnazungumza kicheko tu. Kuna mambo hayachekeshi. Mchoraji akae kimya?

Mzee_wa_Barza

Ami, swali hili nililijibu mara moja tu maishani, na sikulijibu mwenyewe.

Septemba 2011, MV Spice Islander. Wewe wa Konde huhitaji kusimuliwa. Chombo kimetoka Unguja kwenda Pemba, kimejaa kupita uwezo wake, kikazama usiku. Asubuhi ile nilikaa mezani na hasira inanitetemesha. Nilichora meli inainama, watu wananing'inia kama popo, na juu ya daraja la meli jitu lina meno ya dhahabu linahesabu noti. Ilikuwa na nguvu ile picha. Bado naamini kila mstari wake.

Mhariri wangu aliitazama muda mrefu. Akaniuliza: "Leo gazeti hili atalifungua nani?" Nikasema wasomaji. Akasema, "Leo msomaji ni mtu ambaye maiti ya mtu wake haijapatikana. Utamwonesha mwanawe ananing'inia?"

Sikumjibu. Nilirudi nikachora gati. Maji yametulia, jua linatoka, na kwenye chuma cha gati imetundikwa khanga moja. Sikuandika jina ndani yake wala neno nje yake. Ilichapishwa hivyo. Ile yenye jitu niliiweka, na wiki tatu baadae, watu walipoanza kuuliza nani aliruhusu nini, niliichora upya bila ya watu wanaoning'inia. Nikabakisha jitu, noti na mlango wa chumba cha tiketi. Hapo ilikuwa zamu yake.

Kwa hivyo jibu langu ni kuwa hasira inaweza kuwa ya haki na bado ikawa imefika siku isiyo yake.

Ami_wa_Konde

Mungu awarehemu. Khanga ile naikumbuka, au nadhani naikumbuka.

Ukhti_M

Samahanini, nami nina dukuduku. Wengine tumefunzwa chuoni kuwa kuchora viumbe wenye roho kuna makatazo. Ndugu yangu anachora vizuri sana lakini kaacha kwa ajili hiyo. Mnasemaje?

Mzee_wa_Barza

Ukhti, hapo mimi si mtu wa kutoa fatwa. Wanavyuoni wana kauli zao na kila mmoja amuulize sheikh anayemwamini. Ninaloweza kusema ni la kazi: katuni haidai uso. Kiti kitupu nilichokitaja hakina roho. Khanga kwenye gati haina. Naji al-Ali, Mpalestina, alimbuni mtoto wake Handala mwaka 1969. Ana miaka kumi, hana viatu, kafunga mikono nyuma na kakupa mgongo. Naji alipigwa risasi London mwaka 1987 na akafa, na mgongo ule bado unachorwa kwenye kuta. Uso wake hauonekani, na kila mtu anaujua ulivyo.

KipandeChaUrojo

Kijana naye atafute wake. Masoud, yule mchora katuni wa Bara, ana kipanya chake, kinapenya popote na kinasema lolote. Wewe chukua kunguru. Waliletwa Unguja enzi za Waingereza ili wale taka, sasa wanakula mpaka vifaranga, na Dar es Salaam wanawaita kunguru wa Zanzibar. Mradi wa maendeleo uliofanikiwa kuliko yote huo.

penseli_ya_Wete

Hahaha. Kunguru nimemwandika pembeni.

Wakubwa, jana usiku nilikwenda uwani saa nane kungoja maji. Nikawasha tochi ya simu nitazame kama yanatona. Mdomoni mwa mfereji nimekuta utando wa buibui. Mzima kabisa, haujakatika hata uzi, na buibui mwenyewe kakaa katikati kama mwenye nyumba. Nilisimama na ndoo yangu nikacheka peke yangu.

Nimechora. Mfereji mmoja, utando, buibui. Mtoto wa kike na ndoo, kakupa mgongo (nimemuiba kwa Handala, msinishitaki). Pembeni mama. Mtoto anasema, "Mama, mfereji umevaa buibui!" Mama anamjibu, "Ndiyo mwanangu, kwa sababu maji hayajatoka muda mrefu."

Tazameni.

KipandeChaUrojo

Yakhe! Mfereji umevaa buibui!! Nimecheka mpaka kachori imenipalia.

Ukhti_M

Imenichekesha, lakini hapo hapo ikanishika. Buibui ni vazi letu la heshima. Isionekane linafanyiwa mzaha gazetini.

penseli_ya_Wete

Ukhti hilo sikulifikiria. Nibadilishe?

Bi_Doti_Darajani

Usibadilishe kwa papara. Ukhti kauliza la maana, na jibu lake ndilo utamu wenyewe. Mimi nimevaa buibui tangu lile la ukaya la zamani. Buibui ni stara. Mtu hulivaa kusitiri. Sasa huo mfereji umevaa, unasitiri nini? Aibu ya nani iko nyuma yake? Hilo msomaji atajiuliza mwenyewe akiwa njiani kurudi kwake. Hukuligusa vazi wala mvaaji. Umelichukua kwa maana yake.

Ila yule mama mnyamazishe. Mtoto kashasema, yeye anakuja kutufasiria.

Mzee_wa_Barza

Mama anyamaze, na zaidi ya hapo, mhamishe. Umemweka kushoto, kwa hivyo jicho linaanza kwake, linakwenda kwa mtoto na kumaliza kwenye mfereji. Lakini puto la mtoto liko juu kushoto vile vile, kwa hivyo msomaji anaambiwa "buibui" kabla hajaliona. Ufundi wote unamwagika hapo. Mfereji uje kushoto, mkubwa, ukaribie kugusa pembe. Jicho liuone utando kwanza, lisiuelewe, lishuke kwenye ndoo kavu, halafu lipande kulia kwa maneno ya mtoto. Neno liwe kituo cha mwisho.

(Babu yangu aliyezoea hati za Kiarabu alikuwa anaanzia kulia. Kila katuni yangu alikikuta kichekesho mwanzo na sababu mwisho, akawa anasema mjukuu wake ana huzuni.)

Na huyo buibui wako ana miguu sita. Kunguru atakukosoa.

KipandeChaUrojo

Msisahau hii nchi ina sheria. Kijana asije akachora akaamkia sipo.

Mzee_wa_Barza

Kweli. Sheria ya magazeti ya Zanzibar ni ile namba 5 ya mwaka 1988, na gazeti la Dira lilifungiwa Novemba 2003, kwa hivyo wahariri wana sababu ya kuhesabu vidole kabla ya kuchapisha. Usimwone mhariri wako mwoga akikuuliza maswali.

Kanuni moja imenisaidia. Mwandishi anaweza kuandika "inadaiwa". Picha haina "inadaiwa". Ukimchora mtu anayejulikana na mkono ndani ya kasha la serikali, umesema kaiba, na utaitwa uthibitishe. Lakini kasha likiwa wazi, na yeye kaligeuzia mgongo anapiga miluzi, umechora lile ambalo kila mtu kaliona: hakulinda. Chora unachoweza kukisimamia. Mfereji mkavu wenye utando umeuona kwa macho yako saa nane za usiku, hakuna wa kukukanusha.

mtambo_wa_chapa

Nimesoma kimya, sasa mmefika kwangu. Niko kwenye uchapaji miaka mingi na wachoraji ndio wanaonizeesha.

Kijana, karatasi yako ni A3, umeilaza, upana sentimita 42. Nafasi uliyopewa ni safu ngapi? Kama ni tatu, haizidi sentimita 15 au karibu na hapo. Kwa hivyo mchoro unapungua mpaka kama thuluthi. Ukichora kwa kalamu ya 0.3, gazetini inakuwa 0.1 ya milimita. Huo si mstari, ni dua. Karatasi ya gazeti inakunywa wino kama boflo kwenye chai: mistari myembamba inapotea na iliyokaribiana inashikana kuwa doa. Vile vivuli vyako vya mistari mingi mingi ukutani vitatoka kama ukuta umeungua.

Chora kwenye A4, kipunguzwe nusu tu. Mistari mikuu 0.8, midogo isipungue 0.6, ikichapwa ibaki 0.3. Herufi ziwe na kimo cha milimita sita, zibaki tatu. Wino mweusi kweli kweli. Kijivu usikitumie, kinageuka nukta nukta. Skani kwa nukta 600 kwa inchi, nyeusi na nyeupe. Na kwa jina la Mungu usipige picha kwa simu chini ya taa ya jikoni ukanitumia kwenye WhatsApp.

Kabla hujapeleka, nenda kapige fotokopi ya kupunguza mpaka ukubwa wa gazeti, ibandike ukutani, simama hatua nne. Usichokiona hapo hakipo.

penseli_ya_Wete

Mzee wa mtambo, mbona hayo hatukufundishwa popote? Nimeandika yote.

Nimechora mara tano tangu jana. Mama katoka kabisa. Kumebaki mfereji, ndoo, mtoto na buibui mwenye miguu minane. Maneno manne: "Mama, mfereji umevaa buibui!"

Bi_Doti_Darajani

Matatu yanatosha. Kama mama hayupo, anamwita nani?

penseli_ya_Wete

Bibi, nilidhani ukimwita mama asiyeonekana, msomaji ndiye anakuwa mama.

Bi_Doti_Darajani

Loo. Basi liache. Nimekukosea.

penseli_ya_Wete

Mrejesho wa Alhamisi.

Mhariri kaiweka mezani. Kayafunika maneno kwa kiganja, kaangalia picha. Kaifunika picha, kasoma maneno. Hakusema kitu. Akamwita mama anayetuletea chai pale ofisini, akamsukumia karatasi. Yule mama kaangalia kidogo, kaangua kicheko, halafu akanyamaza ghafla na kusema, "Na kwetu Amani hivyo hivyo." Akachukua sinia lake akatoka. Mhariri akaniambia niache mchoro.

Imetoka Jumamosi. Ila wameipa safu mbili badala ya tatu, tangazo la kiwanja limekula nafasi. Na utando nusu yake umepotea. Nilitumia kalamu ya 0.3 pale, nikaona utando hauwezi kuwa mnene kama kamba ya jahazi.

mtambo_wa_chapa

Nilisema nini. Nyuzi chache, nene. Msomaji atazihesabu zilizobaki mwenyewe.

Ukhti_M

Nimemwonesha ndugu yangu. Kauliza huyo mtoto mbona hana uso. Nikamwambia asome uzi. Yuko hapa pembeni anachora mfereji.

Bi_Doti_Darajani

Nimekata ukurasa nimeubandika dukani juu ya mlango. Wateja wawili wameniuliza khanga ya jina hilo imefika lini.

penseli_ya_Wete

Alhamdulillah. Wakubwa, ya wiki ijayo kasema iwe ya nauli. Nina wazo la gari ya shamba, abiria wameshonana, na ndani kuna mbuzi. Nimekwama kitu kimoja. Mbuzi asimame au akae?

KipandeChaUrojo

Akae, dirishani. Kalipa nauli mpya.